Kufunga usukani wa kuchomoa kwenye gari la rali

Usukani wa kuchomoa unadaiwa mambo mawili yanayovutana: usitoke hata kidogo dereva asipoutoa, na utoke papo hapo akitaka utoke. Kiungo chenyewe kinachoushika kwenye shafti, kikinunuliwa kwa mtengenezaji wa kuaminika, kwa kawaida hutimiza yote mawili. Kinachoharibu kazi ni vile vinavyokizunguka: kitovu (kipande kinachokaa kati ya shafti na kiungo) kisichokaa sawasawa kwenye shafti, skrubu sita ndogo zilizookotwa kwenye kopo la skrubu, waya uliokatwa mfupi, na vumbi. Sehemu kubwa ya maelezo haya inahusu hivyo.

Haja ya kuufunga haihitaji ubishi. Dereva wa rali amekaa ndani ya kiti chenye mbavu ndefu zinazomshika mapaja na mabega, mikanda ya pointi sita imembana, kifaa cha HANS cha kukinga shingo na kichwa kiko shingoni, na mabomba ya kizimba cha usalama yamepita katikati ya mlango. Gari likilala ubavu au likianza kutoa moshi, usukani uliobaki mahali pake ndio unaomzuia kutoa magoti. Kwenye Formula 1 kanuni inadai dereva aondoe usukani na awe nje ya gari ndani ya sekunde 7, kisha aurudishe usukani mahali pake kabla ya sekunde 12 kwisha. Gari la rali halina kipimo kikali hivyo, lakini lengo ni lile lile.

Mfano wetu ni Subaru Impreza ya kizazi cha GC8 au GD, maana ndiyo inayojaa kwenye rali za klabu za Kenya, Uganda na Tanzania. Mitsubishi Lancer Evolution na Toyota hufuata njia hiyo hiyo. Hutofautiana soketi, kitovu na namba za mkazo. Jambo moja tu kabla ya kuanza: kazi hii inaondoa mfuko wa hewa (airbag). Usiifanye kwenye gari la kwenda kazini lisilo na kizimba, kiti cha mashindano wala mikanda ya pointi nyingi, kwa sababu utakuwa umeondoa kinga bila kuweka nyingine.

Kuchagua kiungo

Kiungo kina nusu mbili. Dume hufungwa upande wa shafti, jike hufungwa nyuma ya usukani. Dume lina meno au pembe sita za kupokea mzunguko, na mfereji mmoja unaolizunguka. Ndani ya jike kuna gololi kadhaa. Ringi ikisukumwa na springi huzibana gololi hizo ziingie kwenye ule mfereji, na hapo usukani umefungwa. Ukivuta ringi, gololi hupata nafasi ya kurudi nje na jike huteleza likatoka. Meno hubeba mzunguko, gololi hubeba mvuto. Ukielewa mgawanyo huo wa kazi, utajua kila hitilafu inatoka wapi.

Kanuni za FIA (shirikisho la dunia la mashindano ya magari), Kiambatisho J, zinataka kiungo kiwe na ringi iliyo kwenye mhimili mmoja na usukani, nyuma ya usukani, yenye rangi ya njano ya kudumu, na kifunguke kwa kuvuta ringi hiyo kufuata mhimili. Kuna busara kubwa hapo. Vidole vinavuta ringi kuelekea kifuani, na usukani nao unatoka kuelekea kifuani, kwa hiyo tendo ni moja. Njano ni kwa ajili ya waokoaji: mtu asiyelijua gari lako akichungulia dirishani aone pa kushika. Kwa Marekani, alama ya kutafuta ni SFI 42.1 ya taasisi ya viwango vya usalama ya SFI, ambayo ndiyo sifa ya viungo vya aina hii.

Viungo vya vitufe viwili vya pembeni vinavyobonyezwa kwa pamoja vipo vingi sokoni na bei yake inavutia. Hatuvipendekezi kwa rali. Vinahitaji vidole pande zote mbili, na dereva aliyeumia mkono mmoja huenda asiweze kuvifungua. Kwenye ukaguzi wa mashindano yanayofuata kanuni za FIA, vitakataliwa pia.

Kuhusu meno: chagua chenye jino moja pana au pengo moja, ili usukani uingie kwa mkao mmoja tu. Kiungo cha pembe sita kisicho na alama ya mwelekeo kinaweza kuingia kikiwa kimepinda digrii 60. Dereva anayerudi garini kwa pupa atagundua hilo kwenye kona ya kwanza.

Pima usawa wa matundu kabla ya kulipa. Sparco, OMP na Momo hutumia matundu 6 kwenye duara la 70 mm. Nardi na Personal hutumia 6 kwenye duara la 74 mm. Kuna pia mtindo wa Marekani wa matundu 3. Tofauti ya 4 mm inaonekana ndogo, na ndiyo maana watu huthubutu kutanua matundu kwa tupa mpaka yakubali. Usifanye hivyo. Skrubu ya kichwa kinachozama hujipanga katikati ya shimo lake. Shimo likiwa yai, kichwa hushika upande mmoja tu na hulegea. Kama matundu hayalingani, nunua bamba la kubadilishia.

Hesabu ya umbali

Kitovu pamoja na kiungo huongeza urefu, na usukani husogea kifuani. Kiungo peke yake mara nyingi huchukua kati ya 50 na 75 mm. Pima kwanza kwenye usukani wa zamani: kutoka pale nati inapokalia hadi usawa wa mduara ambao mikono inashika. Tuseme umepata 130 mm. Kitovu kifupi cha 45 mm, kiungo cha 60 mm na usukani ulioingia ndani 20 mm hufanya 125 mm, na hapo umerudi karibu kabisa na mwanzo. Ukichukua kitovu kirefu cha 90 mm na usukani wenye kina cha 90 mm, jumla ni 240 mm, na dereva ataendesha viwiko vikiwa vimegonga mbavu za kiti.

Kipimo cha mwisho hufanywa dereva akiwa kitini, mikanda imekazwa, mabega yamegusa kiti. Anyooshe mkono juu ya usukani: kifundo cha mkono kilale juu ya mduara bila bega kuinuka. Nyuma ya ringi ya njano kubaki nafasi ya kutosha vidole vyenye glavu, si chini ya 25 mm, la sivyo vidole vitabanwa kati ya ringi na kava la shafti. Vijiti vya indiketa na waipa vitakuwa vimeachwa mbali kidogo. Virefushwe kwa vipande vya alumini, maana dereva hapaswi kuachia usukani kutafuta waipa.

Kuvua usukani wa zamani

Nyoosha matairi ya mbele yaelekee mbele moja kwa moja na usiuguse tena usukani. Toa kebo ya hasi ya betri, ifungie mbali na nguzo yake, kisha subiri angalau dakika 10. Kompyuta ya mfuko wa hewa huhifadhi umeme kwa muda baada ya betri kuondolewa, na kila mtengenezaji ana muda wake. Dakika 10 zinatosha kwa magari haya. Usipime waya za mfuko kwa multimita. Umeme mdogo wa multimita unaweza kutosha kuulipua.

Mfuko wa hewa mara nyingi umeshikwa na skrubu mbili za Torx T30, moja kila upande wa usukani, ndani ya matundu yaliyozibwa na vifuniko vya plastiki. Ukishalegea, uvute taratibu na uchomoe plagi zake. Ubebe ukiwa umeelekeza uso wake mbali na mwili wako, na uulaze uso juu mahali pasipo joto wala cheche. Ukiulaza uso chini na ukalipuka, chuma chote cha nyuma kinaruka juu. Siku hiyo usifanye kazi ya kuchomelea karibu nao.

Legeza nati ya katikati, soketi ya 17 au 19 kutegemea gari, lakini usiitoe yote. Iache ikishika hesi tatu au nne. Usukani uliogandiana na shafti kwa miaka huachia ghafla, na nati hiyo ndiyo itakayouzuia usikupige usoni. Piga alama ya rangi kwenye ncha ya shafti ikilingana na alama kwenye kitovu cha zamani. Usukani ukikataa, tumia pula ya usukani. Kugonga ncha ya shafti kwa nyundo ni kosa linaloonekana dogo na gharama yake ni kubwa: shafti nyingi za kisasa zimetengenezwa zijikunje wakati wa ajali kwa kukata pini za plastiki, na nyundo inaweza kuzikata pini hizo kimyakimya. Baada ya hapo shafti inateleza kwa urefu na hakuna anayejua sababu.

Chini ya usukani utakuta kikombe cha plastiki chenye utepe wa waya uliozungushwa. Kama gari ni la mashindano tu, kiondoe pamoja na mfumo mzima wa mfuko wa hewa, hadi kompyuta yake. Kuacha nusu ya mfumo ndani ya gari linalorukaruka hakuna faida.

Ondoa pia loki ya usukani. Kanuni za FIA zinaruhusu kuifanya isifanye kazi, nasi tunasema ni lazima. Ufunguo ukizungushwa kimakosa wakati gari linatembea, au ukikatika, shafti hujifunga. Toa kipande kinachochomoza kuingia kwenye shafti, si ufunguo tu.

Kitovu

Kitovu kiwe cha modeli yako hasa. Meno ya Subaru na ya Mitsubishi hayalingani hata kama kitovu kinaingia kwa shida. Safisha meno ya shafti kwa brashi ya waya laini na kisafishio cha breki, yakauke, kisha sukuma kitovu kwa mkono. Kinapaswa kuteremka kwa kubana kidogo bila kusuasua. Kikiingia kilegelege, rudisha dukani. Nati haiwezi kurekebisha meno yanayocheza, inachoweza ni kuficha kasoro kwa wiki mbili.

Linganisha alama. Shafti yenye meno 36 hupiga hatua ya digrii 10 kwa kila jino, kwa hiyo kosa la jino moja linaonekana kwa macho. Kosa dogo kuliko jino moja husahihishwa kwenye tairodi (fimbo zinazogeuza matairi), ukizungusha kiasi sawa kushoto na kulia, na kamwe si kwa kutanua matundu ya usukani.

Nati mpya ni bora kuliko ya zamani. Kaza kwa spana ya toki kwa namba iliyo kwenye kitabu cha gari. Kwa magari mengi ya Kijapani huwa kati ya 35 na 50 Nm. Usikaze huku usukani umefika mwisho wa mzunguko wake, maana nguvu yote inaingia kwenye giaboksi ya usukani. Mwenzako aushike usukani, au kitovu kishikwe kwa bamba lenye matundu mawili. Ukimaliza, piga mstari wa rangi kuanzia nati hadi kitovu. Fundi akichungulia kila asubuhi ya mashindano ataona kama nati imesogea bila kushika chombo chochote.

Ikiwa kitovu kina kipini cha kuzima indiketa, hakikisha kimeingia kwenye tundu lake kabla ya kukaza. Kikibanwa nje ya tundu kitavunja plastiki ya swichi, na vipande vyake vitazunguka humo ndani.

Skrubu sita

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Nguvu zote za dereva, pamoja na uzito wa kifua chake endapo gari litagonga, zinapita kwenye skrubu sita za M5. Skrubu hazibebi mzunguko kwa shingo zao. Zinabana sahani mbili mpaka msuguano wa sahani hizo ubebe mzunguko. Mbano ukipungua, sahani zinaanza kuteleza kwenda na kurudi, shingo za skrubu zinapokea nguvu ambazo hazikukusudiwa, na moja ikikatika tano zinazobaki zinafuata.

Urefu wa skrubu huhesabiwa, haubahatishwi. Sahani ya usukani ikiwa na unene wa 4 mm na ringi ya honi 2 mm, hiyo ni 6 mm kabla skrubu haijagusa hesi. Ndani ya alumini, skrubu inahitaji kuingia angalau mara moja na nusu ya kipenyo chake, yaani 7.5 mm kwa M5. Jumla ni 13.5 mm, na urefu unaouzwa unaofuata ni 16 mm. Kumbuka kwamba skrubu ya kichwa kinachozama hupimwa pamoja na kichwa.

Sasa pima upande wa pili. Skrubu hiyo ya 16 mm itaingia 10 mm kwenye jike la kiungo. Kama ukuta wa jike una 9 mm na tundu limetoboka hadi upande wa pili, ncha itachomoza 1 mm, na inaweza kugusa ringi ya kufungulia. Dalili yake ni ringi inayorudi kwa uvivu au kukwama nusu, na watu hulaumu springi. Kama tundu halijatoboka na ni fupi kuliko 10 mm, skrubu itagonga mwisho kabla ya kubana: mkononi inahisi imekaza kabisa, kumbe sahani bado ziko huru. Katika hali zote mbili, punguza ncha ya skrubu kwa tupa kiasi kinachotakiwa na urekebishe hesi ya kwanza.

Tumia skrubu za daraja la 10.9 au 12.9, zote sita za aina moja, na zote sita ziwepo. Usukani uliofungwa skrubu tatu kwa sababu nyingine zimepotea haufai hata kwa majaribio. Safisha hesi kwa kisafishio cha breki, weka tone moja la gundi ya kuzuia kulegea, ile ya bluu yenye nguvu ya wastani, kisha kaza kwa mfuatano wa msalaba: mzunguko wa kwanza kwa kugusa tu, wa pili nusu, wa tatu hadi mkazo alioandika mtengenezaji. Asipoandika, 5 hadi 6 Nm inatosha kwa M5 ndani ya alumini. Mkono uliozoea nati za tairi utararua hesi hizi bila kuhisi, kwa hiyo spana ndogo ya toki si anasa hapa. Gundi ya bluu huchukua saa 24 kukamaa kabisa. Funga usukani siku moja kabla, usifunge asubuhi ya mashindano. Gundi nyekundu iache, utahitaji moto kuifungua, na moto unaharibu springi na rangi.

Dume nalo hufungwa kwenye kitovu kwa utaratibu huo huo.

Honi na vitufe

Gari la rali hupita barabara za kawaida kati ya hatua moja (kipande cha njia kinachoshindaniwa kwa muda) na nyingine, kwa hiyo honi ni lazima ifanye kazi. Njia rahisi na ya kudumu ni waya uliojikunja kama wa simu ya mezani, kuanzia kava la shafti hadi usukani, wenye plagi katikati. Uwe mrefu kiasi cha kustahimili usukani kuzungushwa hadi mwisho kila upande. Kwa gari la mizunguko 3 kutoka mwisho hadi mwisho, ni mzunguko mmoja na nusu kila upande.

Plagi lazima iachie yenyewe kwa mvuto mdogo. Fundi anayetumia plagi yenye klipu ya kufunga, ile nzuri ya injini, amefuta faida yote ya kiungo: usukani utatoka kwenye shafti na kubaki ukining'inia kwenye waya mbele ya magoti ya dereva.

Kwenye waya huu pitisha umeme wa kuwashia rilei (swichi inayowashwa kwa umeme mdogo) tu. Umeme wa honi yenyewe, ampea kadhaa, upite kwenye waya mnene nje ya usukani. Weka fyuzi ndogo, na usitegemee shafti kuwa njia ya kurudishia umeme. Beringi zenye grisi hupitisha umeme leo na kukataa kesho, na honi inapiga yenyewe au haipigi. Waya wa pili wa hasi unamaliza tatizo. Swichi kuu ya kuzima gari isiwekwe kwenye usukani kwa namna yoyote.

Kwa bagi na magari yasiyo na kitovu cha kununua

Bagi za autocross na magari yaliyojengwa kwa mabomba hutumia dume la chuma la kuchomelea. Shafti ya kawaida huwa bomba la inchi 3/4. Kazi hii ni ya welda mwenye uzoefu wa TIG (kuchomelea kwa umeme chini ya gesi ya kukinga). Kama hayupo, subiri apatikane.

Tenganisha dume na jike kabla ya kuchomelea. Joto likifika kwenye jike, springi inalegea, grisi inaungua na gololi zinapoteza ugumu wake. Toa pia shafti nje ya gari. Ikishindikana, klampu ya ardhi ifungwe karibu kabisa na mahali pa kuchomelea na betri itolewe, la sivyo umeme utapita kwenye beringi na kuacha vidonda juu ya gololi zake.

Chamfa (kata mshazari) ncha ya bomba ili kuchomelea kupenye, futa kutu na rangi zote hadi chuma king'ae, kisha ingiza dume na ubane kwenye mashine ya kukereza au vitalu viwili vya V. Zungusha ukipima kwa geji ya saa. Dume lililopinda hata nusu milimita linafanya usukani uyumbe kila mzunguko, na dereva atadhani rimu imepinda. Piga nukta nne zinazotazamana, pima tena, kisha chomelea kipande kimoja, hamia upande wa pili, rudi, mpaka ukamilishe duara. Iache ipoe yenyewe. Kumwagia maji mahali palipochomelewa kunakifanya chuma kiwe kigumu na chepesi kupasuka, na ufa wa shafti ya usukani hauna mlango wa pili. Ikishapoa, ipakwe rangi ya kuchunguza nyufa kabla ya kurudi kwenye gari.

Kujaribu

Inua mbele ya gari kwa jeki, ikalie stendi. Ingiza usukani, sikiliza mlio wa kufunga, halafu uvute kuelekea kifuani kwa nguvu zote za mikono miwili huku ukiuzungusha kushoto na kulia. Rudia mara kumi, ukiutoa na kuurudisha. Mara zote kumi ringi irudi kabisa yenyewe. Ikikwama hata mara moja, rudi kwenye urefu wa skrubu.

Baadaye dereva akae amefungwa mikanda, helmeti na glavu vikiwa mwilini, macho yamefumbwa, autoe kwa mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Mkono ukishindwa kuifikia ringi, umbali umekosewa. Msaidizi wake anayekaa pembeni naye aufungue kutoka kiti chake, kwa sababu siku ya ajali huenda yeye ndiye mwenye nguvu.

Pima mchezo wa usukani. Matairi yawe chini, shika mduara na utikise taratibu huku mwenzako akitazama dume. Uwazi wa 0.1 mm kwenye meno yaliyo 9.5 mm kutoka katikati unakuwa karibu 2 mm kwenye mduara wa usukani wa 350 mm. Kwa hiyo 2 mm mkononi ni dalili ya uchakavu mdogo sana wa meno. Kwenye kiungo kipya hatutaki kuhisi kitu. Kikifika 5 mm, kiungo kimekwisha. Mtikisiko wa mbele na nyuma, kwa kufuata shafti, ni habari nyingine: hiyo ni gololi au mfereji wake, na hapo usisubiri kipimo chochote, badilisha.

Vumbi na matunzo

Safari Rally iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, dunia iliona vumbi la Naivasha, lile laini kama poda linaloitwa fesh-fesh, likijaza magari hadi ndani. Vumbi hilo likikutana na grisi nzito kwenye kiungo, linageuka msasa. Gololi zinashindwa kuteremka vyema, mlio wa kufunga unasikika nusu, na usukani unaonekana umekaa kumbe umeshikwa na meno tu. Huu ndio ubovu wa hatari kuliko wote, maana gari linageuka vizuri kabisa mpaka dereva ajivute kwa usukani kwenye mruko.

Kwa hiyo usipake grisi nzito. Baada ya kila mashindano puliza kiungo kwa hewa, kioshe kwa kisafishio cha breki, kikauke, kisha nyunyiza kilainishi kikavu cha PTFE (Tefloni) kwa uchache. Dume libaki safi na kavu. Gari likiwa limepaki sehemu ya huduma bila usukani, dume livalishwe kofia au mfuko wa kitambaa, na usukani utundikwe kwenye ndoano iliyofungwa kwenye kizimba. Ukiwekwa sakafuni, mchanga unaingia kwenye jike.

Kila kabla ya kuanza hatua, kabla mikanda haijafungwa: sukuma, sikia mlio, vuta mara mbili kwa nguvu, zungusha. Msaidizi amuulize dereva kwa sauti na asiridhike na jibu bila kuona mvuto huo kwa macho yake. Kagua skrubu sita na mstari wa rangi kwenye nati kila siku ya mashindano. Gololi zenye bapa, mfereji uliochimbika, springi iliyolegea au meno yaliyochongeka havitengenezwi. Kiungo kilichopitia ajali ambayo kifua au mikono ya dereva iliugonga usukani kitolewe kwenye gari hata kama kinaonekana kizima, pamoja na kitovu chake na skrubu zote sita.